Je, Kitabu Kizuri Chajiuza Chenyewe?



Muhula uliopita Chama cha Kiswahili cha shule yetu kilifanya mdahalo bwaloni, na mada yake ilikuwa methali ambayo sote twaijua: Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi nilikuwa msemaji wa pili wa upande wa kupinga. Nilisema kwamba methali hii ni ya kweli kwa vitu vingi, lakini haifai kwa vitabu, hasa kitabu cha kwanza cha mtungaji ambaye hajulikani. Nilipoketi, msemaji wa upande wa kuunga mkono alisimama akiwa na parachichi mkononi. Akasema, "Ndugu Mwenyekiti, hili ni parachichi la Njombe. Nani aliyewahi kulipigia kelele? Wanunuzi hulifuata wenyewe mpaka shambani. Na kitabu nacho ni vivyo hivyo. Kikiwa kizuri kitafuatwa, na kikiwa kibaya, hata kikipigiwa ngoma hakitanunuliwa." Bwalo zima likacheka na kupiga makofi. Kura zilipohesabiwa, tulikuwa tumeshindwa vibaya.

Siku ya pili mwalimu wetu wa Kiswahili aliniita akaniambia, "Binti, ukishindwa kwa mdomo, jaribu kwa kalamu. Lakini kwanza katafute mifano, maana jana hukuwa nayo." Maneno hayo yaliniuma, kwa sababu yalikuwa ya kweli. Basi nimetafuta mifano katika maktaba yetu na kwa kuwauliza walimu, na haya ndiyo niliyoyapata. Nayaandika kwa faida ya wenzangu wanaosoma riwaya kwa ajili ya mtihani, na kwa wazazi wetu ambao ndio wanunuzi wa vitabu tunavyovisoma.

TOFAUTI YA KITABU NA PARACHICHI

Kwanza, parachichi laonekana. Mnunuzi hulishika, hulibonyeza, na akiwa na shaka hukatiwa kipande akaonja. Kitabu kimefungwa. Mnunuzi hutoa fedha kwanza, ndipo ajue kilichomo. Kwa hiyo, kabla ya kutoa fedha, hutafuta jambo la kumtuliza moyo, nalo kwa kawaida ni jina la mtungaji. Akiwa amekwisha kusoma kitabu kimoja cha mtu huyo akakipenda, hununua cha pili bila kusita. Sasa mtungaji mgeni hana kitabu cha nyuma cha kumdhamini. Uzuri wa kazi yake umo ndani, na mlango haujafunguliwa.

Pili, anayenunua parachichi mara nyingi ndiye anayelila. Lakini kitabu cha vijana kina watu watatu. Msomaji ni mwanafunzi wa miaka kumi na minne hadi kumi na minane, ambaye hana fedha. Mwenye fedha ni mzazi au shule. Na mwenye kutoa ruhusa ni mwalimu, ambaye huangalia kama kitabu kinafaa. Mtungaji akimpendeza mmoja tu kati ya hao watatu, kitabu chake hakitafika. Anayeandika kwa ajili ya watu wazima hana taabu hiyo, kwa kuwa mtu mzima hujinunulia mwenyewe na kujipa ruhusa mwenyewe.

Tatu, watungaji wengi wa siku hizi hutangaza vitabu vyao kwa simu za mkononi. Hiyo ni njia ya upesi, wala haina gharama kubwa. Lakini sisi tunaokaa bweni haturuhusiwi kuwa na simu shuleni. Basi tangazo la kitabu kilichoandikwa kwa ajili yetu huenda likawafikia watu wote isipokuwa sisi wenyewe. Habari ya kitabu hutufikia kwa njia za zamani: mwalimu, maktaba, na mdomo wa mwenzako wa kitanda cha juu.

Haya ndiyo niliyopaswa kumjibu yule ndugu wa parachichi. Sasa tuangalie watungaji wenyewe.

ALIYEPITA MLANGO WA MASHINDANO

Muhammed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Alikuwa mtu wa magazeti, na mwaka 1958 akawa mhariri wa gazeti la kilimo lililoitwa Mkulima. Hakuwa na jina katika utungaji wa riwaya. Wakati huo kulikuwa na Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki, lililoundwa mwaka 1948 na kuwa na makao yake Nairobi. Kazi yake ilikuwa kutafuta watungaji, kupiga chapa vitabu vyao, na kuvifikisha kwa wasomaji. Katika mwaka 1957 na 1958 shirika hilo lilifanya mashindano ya kuandika hadithi kwa Kiswahili. Hadithi ya Abdulla, Mzimu wa Watu wa Kale, ilichukua nafasi ya kwanza, na mwaka 1960 ikatoka kama kitabu.

Yafaa tutazame mashindano yalifanya kazi gani hapo. Hayakuifanya hadithi kuwa nzuri, kwa kuwa ilikuwa nzuri tangu ilipotoka mkononi mwake. Yaliwapa watu wasiomjua sababu ya kufungua kitabu chake. Ni kama mtu anapofika ugenini akiwa amefuatana na mzee anayeaminiwa na kijiji: hodi huitikiwa upesi. Baada ya hapo Bwana Msa, yule mpelelezi wa hadithi ile mwenye kiko chake, alirudi katika vitabu vingine kama Kisima cha Giningi cha mwaka 1968 na Duniani Kuna Watu cha mwaka 1973. Vitabu hivyo havikuhitaji mzee wa kufuatana navyo, kwani jina la Bwana Msa lilikuwa limekwisha kuenea.

Juu ya kitabu hiki nilifanya jaribio langu mwenyewe. Katika maktaba yetu ipo nakala moja ya Mzimu wa Watu wa Kale. Nilipotazama karatasi ya tarehe iliyobandikwa mwishoni, niliona kwamba ilikuwa haijaazimwa kwa muda wa zaidi ya mwaka mzima. Kitabu kilikuwa kizuri vile vile mwaka wote huo, lakini hakikujiuza. Basi Jumamosi moja usiku, kwa ruhusa ya matroni, niliwasimulia wasichana wa Kidato cha Pili bwenini mwetu mwanzo wa hadithi: jinsi Bwana Ali alivyokutwa amekufa pale mzimuni, na jinsi Bwana Msa alivyoitwa. Nilipofika mahali ambapo kila mtu ameanza kushukiwa, nikasema kwamba taa zinakaribia kuzimwa, nikanyamaza. Walinizomea. Mmoja alinirushia kandambili. Jumatatu asubuhi msimamizi wa maktaba aliniambia kwamba majina kumi na moja yalikuwa yameandikwa kukingojea kitabu kile.

Ni kweli kwamba jaribio moja si ushahidi mkubwa. Lakini ndugu yangu wa parachichi atakubali kwamba kitabu hakikubadilika hata neno moja kati ya Ijumaa na Jumatatu. Kilichoongezeka ni mtu wa kukitembeza.

ALIYEFUNGIWA MLANGO

Mfano wa pili ni mgumu zaidi, na kwangu ndio wenye mafunzo mengi. Euphrase Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944 katika kijiji cha Namagondo, kisiwani Ukerewe. Alisoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akahitimu mwaka 1970, na baadaye akafundisha katika shule za sekondari. Riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika, ilitolewa mwaka 1971 na lile lile Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki. Alikuwa kijana wa miaka 27 hivi.

Hadithi yenyewe yahusu msichana kama sisi. Rosa ni mtoto wa kwanza wa Zakaria na Regina. Baba ni mlevi na mkali. Siku moja anaikuta barua ambayo Rosa ameandikiwa na mvulana, naye anampiga vibaya. Tangu hapo Rosa anakua akiwaogopa wavulana, bila ya kufundishwa jinsi ya kuishi nao kwa heshima. Anapokwenda shule ya mbali na nyumbani, anaukuta uhuru ambao hakutayarishwa kuutumia, na mwisho wake ni mbaya. Mtungaji hakuficha mambo. Aliyaandika mapenzi, mimba na kifo waziwazi, na lawama akaigawa kwa wote: binti, baba, wanaume waliomdanganya, na jamii nzima.

Kwa sababu ya uwazi huo, kitabu kilipigwa marufuku mashuleni. Wasomaji, fikirini jambo hilo. Mtu ameandika kitabu chake cha kwanza, juu ya msichana wa shule, kisha mlango wa shule unafungwa. Nimekwisha kusema kwamba kitabu cha vijana hupita mikononi mwa watu watatu. Hapa mwenye ruhusa alikataa.

Sitaki kuwacheka waliokataza. Walikuwa na watoto wa watu mikononi mwao, na yapo maneno katika kitabu kile ambayo hata mimi nisingependa kuyasoma kwa sauti mbele ya baba yangu. Lakini itazameni hatima ya kitabu hicho. Kezilahabi hakuacha kalamu. Mwaka 1974 alitoa Kichwamaji na mashairi ya Kichomi, na mwaka 1975 akatoa Dunia Uwanja wa Fujo. Rosa Mistika nayo iliendelea kusomwa, na baadaye zuio likaondolewa, ikaingia hata katika masomo ya shule. Kezilahabi alikuja kuwa mwalimu wa vyuo vikuu, hapa kwetu na Botswana, na alifariki Januari 2020. Mwaka 2025 kitabu chake hicho cha kwanza kilitolewa Marekani na Yale University Press, katika tafsiri ya Kiingereza ya Jay Boss Rubin. Yaani miaka 54 baada ya kutoka, bado kinapata wasomaji wapya.

Nani aliyekitembeza kitabu hicho mlango ulipofungwa? Kwa fikira zangu, ni wasomaji. Nakala niliyoisoma mimi ni ya mwalimu mmoja. Haina jalada. Jina la kitabu limeandikwa kwa kalamu ya wino juu ya karatasi ya kaki, na ndani, katika ukurasa mtupu wa kwanza, yamo majina tisa ya watu waliowahi kuiazima, kila moja kwa mwandiko wake. Wa mwisho kabla yangu aliandika chini ya jina lake, "Mpe na mwenzio." Hilo ni tangazo ambalo hakuna mtungaji awezaye kulinunua. Lakini angalieni pia kwamba watu hawampi mwenzao kitabu kibovu.

MIFANO YA MBALI

Mwalimu alinishauri nisikae Afrika Mashariki peke yake, nami namshukuru kwa ushauri huo.

Charles Dickens wa Uingereza alikuwa kijana wa miaka 24 alipoanza kutoa riwaya yake ya kwanza, The Pickwick Papers, mwaka 1836. Haikutoka kama kitabu kizima. Ilitoka kwa vijitabu vya kila mwezi, bei nafuu. Kijitabu cha kwanza kilipigwa chapa nakala 1,000 hivi, na mwanzoni hakikuwa na mbio. Kisha akamwingiza katika hadithi mtumishi mmoja mcheshi, Sam Weller, na watu wakaanza kusimuliana habari zake. Kufikia mwisho, mwaka 1837, kila kijitabu kilikuwa kikitolewa nakala 40,000 hivi. Hapa kwetu Eric Shigongo alitumia njia iliyofanana na hiyo: hadithi zake zilitoka kwa sehemu katika magazeti ya Global Publishers, kisha zikauzwa kama vitabu. Njia hii huwaonjesha wasomaji kidogo kidogo, na kwa hiyo hukifanya kitabu kifanane na parachichi lililokatwa kipande.

Chinua Achebe wa Nigeria alitoa riwaya yake ya kwanza, Things Fall Apart, huko London mwaka 1958. Nakala za kwanza zilikuwa 2,000 tu. Mwaka 1962 ilitolewa tena kwa jalada laini na bei ndogo, ikawa namba moja katika mfululizo wa vitabu vya watungaji wa Afrika. Hapo ndipo shule za Afrika zilipoichukua, na leo yahesabiwa kwa mamilioni ya nakala. Kitabu kile kile kilichotoka nakala 2,000 ndicho hiki cha mamilioni. Waliokitembeza ni walimu.

Nakumbuka pia Shaaban Robert, mzaliwa wa Tanga. Kusadikika yake ilitolewa na kampuni ya Nelson mwaka 1951. Alifariki mwaka 1962, na vitabu vyake viwili, Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote, vilitoka mwaka 1968, yeye akiwa kaburini kwa miaka sita. Maiti hatembezi kitabu. Ilibidi watu wengine wafanye kazi hiyo, nao wakaifanya.

HESABU YA MTUNGAJI MGENI

Wenzangu wengi hudhani kwamba mtu akitoa kitabu amekuwa tajiri. Tufanye hesabu kidogo. Tarakimu hizi ni za mfano tu.

Tuseme kitabu kinauzwa shilingi 10,000, na mtungaji analipwa na kampuni asilimia 10 ya bei, ambacho ni kiwango cha kawaida. Basi kila nakala yampa shilingi 1,000. Tuseme anakaa Dar es Salaam na anataka kuja Mdandu kuwasomea wanafunzi. Hiyo ni safari ya zaidi ya kilometa 600 mpaka Makambako, kisha ashuke na kutafuta gari jingine la kumleta huku kwetu. Tuseme nauli yote ni shilingi 40,000 kuja na 40,000 kurudi, jumla 80,000. Atalazimika kuuza nakala 80 ili kurudisha nauli tu, bila kuhesabu chakula na mahali pa kulala. Nimehesabu wanafunzi wa mkondo wetu wa Kidato cha Nne ambao wangeweza kutoa shilingi 10,000 siku moja bila kuandika barua nyumbani. Tulikuwa watatu, na mmoja ana deni.

Wengine huamua kujilipia wenyewe gharama za kupiga chapa. Tuseme anapiga chapa nakala 1,000 kwa shilingi 4,000 kila moja. Ametoa shilingi 4,000,000 kabla ya kuuza hata moja. Akiuza mwenyewe kwa mkono, yampasa auze nakala 400 ili kurudisha fedha hizo. Akiuza kwa njia ya duka, na duka likabaki na shilingi 3,000 kwa kila nakala, yeye hupata 7,000. Basi yampasa auze nakala 572. Kama hana wa kumsaidia kutembeza, maboksi yatakaa chini ya kitanda, na panya ndio watakaokuwa wasomaji wa kwanza.

Nimeeleza hesabu hii ili tuelewe jambo moja. Mtungaji mgeni anapokuja shuleni na vitabu vyake, au anapomwandikia mwalimu asiyemjua, au anapomshika mtu mkono katika duka la vitabu na kumwambia, "Naomba usome ukurasa mmoja tu," tusidhani kwamba kitabu chake ni kibaya kwa kuwa chajitembeza. Mara nyingi hasara ni yake, na anachotafuta siku ile si fedha. Anatafuta msomaji wa kwanza.

MSAADA ULIOPO

Si haki kusema kwamba watungaji wameachwa peke yao. Mwaka 1991 ulianzishwa Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ambao umesaidia vitabu vya watoto kupigwa chapa na kufika mashuleni. Tangu mwaka 2008 palikuwa pia na Tuzo ya Burt, iliyotokana na ukarimu wa Mkanada mmoja, kwa ajili ya hadithi za vijana zilizoandikwa kwa Kiingereza. Vitabu vilivyoshinda vilinunuliwa na kugawiwa shule na maktaba. Na tarehe 13 Aprili, 2023, siku ya kuzaliwa kwake Mwalimu Julius Nyerere, ilitolewa kwa mara ya kwanza Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Hizi ni kama yale mashindano ya mwaka 1957. Ni wazee wa kumfuata mgeni mpaka mlangoni.

Lakini tuzo humchukua mmoja au wawili, na waandishi ni wengi. Kwa hiyo nina maombi machache kwa wasomaji wa gazeti hili.

Kwenu wanafunzi wenzangu: ukisoma kitabu ukakipenda, usikirudishe maktabani kimya kimya. Mwambie mtu mmoja. Ukipewa nafasi kwenye mkutano wa asubuhi, soma ukurasa mmoja kwa sauti, ukatize mahali patamu.

Kwenu walimu wetu: mwaka una wiki nyingi. Dakika kumi za kipindi kimoja kwa mwezi, zikitumiwa kusoma kitabu ambacho hakimo katika orodha ya mtihani, hazitatuangusha katika mtihani. Huenda zikatuinua.

Kwenu wazazi: mnapokuja siku ya wazazi mnatuletea mchele, sukari na mafuta, nasi twashukuru sana kwa hayo. Tafadhali mara moja kwa mwaka mtie na kitabu kimoja cha hadithi katika kikapu. Na kabla ya kukileta, kisomeni. Kama kina jambo la kututia hasara, tuambieni ni lipi, tuzungumze. Zakaria alimpiga Rosa, lakini hakuzungumza naye. Ingekuwa amezungumza, pengine kitabu kile kisingekuwa na hadithi.

JAWABU LANGU

Baada ya kutafuta mifano hii nimebadili mawazo yangu kidogo, na ni haki niseme hivyo. Katika mdahalo nilisema kwamba methali ile haifai kwa vitabu. Sasa naona kwamba yafaa kwa nusu. Kutembeza ndiko kunakompatia mtungaji msomaji wake wa kwanza, na hapo methali haisaidii. Lakini msomaji wa pili hupatikana kwa uzuri wa kitabu. Wale kumi na mmoja walioandika majina yao niliwaita mimi. Lakini sasa kitabu kimekwisha kutoka bweni letu, kipo bweni la pili, na huko sikwenda. Kwa hiyo ndugu yangu wa parachichi na mimi tungeweza kupeana mkono.

Nina jambo moja la mwisho, ambalo sikulisema bwaloni kwa sababu ya haya. Katika sanduku langu, chini ya sare ya akiba, mna madaftari matatu. Humo nimeandika hadithi juu ya msichana wa Makambako ambaye mama yake huuza chai stendi. Nimeiandika kwa muda wa miezi minane, na hakuna mtu hata mmoja aliyeisoma. Kila niliposhawishika kumwonyesha rafiki yangu, nilijiambia kwamba kizuri chajiuza. Kama ni nzuri, siku moja itajulikana. Nilipokuwa nikiandika makala hii ndipo nilipoona kwamba methali ile niliipinga mbele za watu huku nikijificha nyuma yake. Daftari lililofungiwa sandukuni haliwezi kujulikana kama ni zuri au baya. Hata mimi mwenyewe sijui.

Basi nimekwisha kumwomba matroni nafasi nyingine ya Jumamosi usiku. Safari hii nitasoma sura ya kwanza ya madaftari yale. Wakilala usingizi kabla sijafika mwisho, nitajua pa kusahihisha. Wakinirushia kandambili nitakapokatiza, nitafurahi.

MASWALI KWA WANAFUNZI WA KIDATO CHA PILI NA CHA TATU

1. Taja watu watatu ambao kitabu cha vijana hupita mikononi mwao, na ueleze kazi ya kila mmoja.

2. Mashindano ya mwaka 1957 na 1958 yalimsaidiaje Muhammed Said Abdulla? Je, yalikifanya kitabu chake kuwa kizuri?

3. Mtungaji hupata shilingi 1,500 kwa kila nakala. Akisafiri kwa shilingi 96,000 kwenda na kurudi, auze nakala ngapi ili asipate hasara ya nauli?

4. "Waliokipiga marufuku kitabu cha Rosa Mistika walikuwa na haki." Kubali au pinga kwa hoja tatu. Mjadiliane na mzazi au mlezi wako kabla ya kuandika.

5. Chagua kitabu kimoja katika maktaba yetu ambacho hakijaazimwa muhula huu. Kisome, kisha umsimulie mwenzako nusu yake tu. Andika aya moja kueleza kilichotokea.